Nilikwenda Kayanga Kumwona Asimwe

Wanakwaya wenzangu, mmenifuata mmoja mmoja, kisimani, dukani, na wengine hata kanisani katikati ya matangazo, mkininong'oneza: "Kemilembe, mlionana?" Nimechoka kujibu nusunusu. Kila nikijibu nusu, mwenzetu mmoja (anajijua) anamalizia nusu yake mwenyewe, na juzi nimesikia kwamba eti nilikwenda Ulaya. Sikwenda Ulaya. Nilikwenda Kayanga. Ila kwa mvua ile na barabara ile, aliyepanda ndege siku hiyo alifika kwake kabla sijafika kwangu.

Kwa mgeni wa kwaya asiyemjua, Asimwe ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu. Aliondoka Bugomora akiwa msichana, akaenda kusomea kutengeneza viti na vyombo vya nyumbani, kisha akavuka bahari na huko akabaki. Sisemi ameolewa huko, maana mume hana. Nasema tu harudi. Mama alipofariki mwaka juzi, hakuja kumzika. Alituma sauti yake kwenye simu akilia, nikaisikiliza jikoni peke yangu huku maharage yakiungua.

Mwezi wa Novemba akatuma sauti nyingine. "Dada, vitu vyangu vinaletwa Kayanga, kwenye maonyesho ya wabunifu. Yanafungwa Jumamosi mchana. Nitajitahidi niwepo." Hilo neno "nitajitahidi" mimi sikulisikia kabisa. Nilisikia "niwepo". Nikafunga safari nikiwa na haja moja tu, kumwona mdogo wangu kwa macho, kabla hajazoea moja kwa moja kuishi bila sisi.

Bugomora hadi Nkwenda

Niliondoka Ijumaa asubuhi kwa bodaboda, mvua ikiwa imepumzika kidogo ili ipate nguvu. Mnaijua njia yetu ikinyeshewa. Dereva aliteleza, akasimama, akateleza tena, mwishowe akaniambia kwa heshima, "Mama, hapa tushuke tuisindikize pikipiki." Tukaisindikiza vilima viwili. Viatu vyangu vya ibada nilivibeba mkononi, na tope likanipanda hadi magotini.

Nkwenda nilikaa kusubiri gari hadi jua likasogea. Hapo ndipo nilipogundua kwamba neno "maonyesho" huku kwetu lina maana moja tu. Kila niliyemwambia ninaenda maonyesho Kayanga, aliangalia pembeni yangu akitafuta mkungu wa ndizi au jogoo. Mama mmoja aliyekuwa akiuza senene, wale panzi wetu, wa kukaanga, alinihurumia waziwazi.

"Sasa utaonyesha nini, waitu? Mbona huna hata kuku?"

"Sionyeshi kitu. Ninakwenda kuonyeshwa."

Akaacha kupima senene. "Uonyeshwe wewe? Una nini?"

Nikajaribu kumweleza kwamba kuna watu wanatengeneza viti na taa na vikapu, halafu wanaviweka ndani ya nyumba, watu wanapita wanavitazama. "Wanauza?" Nikasema sidhani. "Wanavikalia?" Nikasema sidhani. Akanifungia senene kwenye gazeti na kuniongezea kidogo, kama mtu anayempa pole aliyefiwa na akili. Nilicheka, lakini gari lilipochelewa zaidi nilianza kujiuliza mwenyewe. Mtu anaacha kibanja chake cha migomba wakati wa kupalilia, anakwenda kutazama kiti kisichokaliwa. Kama si Asimwe, hata mimi ningejifungia senene nikarudi nyumbani.

Nkwenda hadi Omurushaka

Gari lilikuja, likatembea vizuri, tukaanza hata kumsifu dereva. Ndiyo kosa letu. Kwenye mteremko mmoja tulikuta lori la kahawa limezama ubavu, limelala barabarani, na magari yamejipanga mstari huku na huku. Tukashuka wote. Wanaume wakakata matawi ya mkaratusi kuweka chini ya magurudumu, kila mmoja akiwa kiongozi na hakuna wa kuongozwa.

Katika gari letu alikuwemo Mzee Salum, mwenye duka la vitambaa Omurushaka, ambaye babu yake alitoka Tanga na kufia huku, na ambaye hadi leo anazungumza kana kwamba naye ameshuka kwenye treni jana. Alikaa juu ya jiwe, akatandika kitambaa, akafungua mkoba wake wa chakula: chapati, maini ya kukaanga, na chai kwenye chupa.

"Karibu, mama," akaniambia.

"Asante, mzee," nikasema, nikakaa, nikachukua chapati.

Nikaona macho yake yanafuata ile chapati hadi mdomoni kwangu. Nikachukua ya pili. Hapo akaangua kicheko, akapiga paja.

"Mama, kwetu mtu akiwa anakula, akakwambia karibu, wewe unajibu 'starehe', unapita zako."

"Sasa kwa nini ananikaribisha?"

"Ni adabu!"

"Kwetu adabu ni kukaa," nikamwambia. "Ukimwambia mtu karibu halafu akapita, umemfukuza."

"Kiswahili chenu cha migombani kitatufilisi," akasema, akanisogezea maini. Tukala pamoja tukicheka, na tulipomaliza akanipa na chai. Ningemwomba Mungu anikutanishe na watu wa namna hiyo kila lori linapozama.

Lakini jioni ilikuwa inakuja na lori halijatoka. Nikawa napiga hesabu kichwani. Kesho ni Jumamosi, mchana wanafunga. Nilimtumia Asimwe sauti: "Niko njiani, usiondoke." Haikujibiwa. Nikajiambia yuko kwenye shughuli, anapokea wageni, simu iko ndani ya mkoba. Moyo unaotaka kitu ni wakili mzuri, hauachi kukutetea.

Nyakahanga

Tulifika Omurushaka giza likiingia na mvua ikianza upya. Bodaboda aliyekubali kunipeleka Kayanga alinifikisha Nyakahanga, akasimama kwenye banda la mama mmoja karibu na hospitali, akasema haendi mbele. Sikumlaumu.

Mwenye banda anaitwa Mama Jeni. Anauza uji na vitafunwa kwa wanaouguza ndugu zao. Alinipa kigoda karibu na jiko, akauliza ninakokwenda.

"Ninatoka Bugomora, ninakwenda kumwona mdogo wangu, Asimwe."

"Ooh, pole sana," akasema. "Yuko wodi gani?"

Nilikuwa nimechoka, nimelowa, meno yanagongana. Nilifungua mdomo kueleza, lakini tayari alikuwa ameshaniwekea kikombe cha uji na anawaambia wengine, "Huyu mama ametoka Bugomora kumwona mdogo wake." Wote wakageuka. "Pole, mama." "Mungu atamsaidia." Mzee mmoja aliyekuwa akimuuguza mkewe akanipa blanketi lake nijifunike. Sasa ukishafunikwa blanketi la watu, unaanzia wapi kusema mdogo wako haumwi?

Nikala. Ndizi zilizopikwa na maharage, tena za moto, na hakuna aliyenihesabia. Nililala nyumbani kwa Mama Jeni, kitanda kimoja na binti yake. Kabla ya kulala tuliomba, na yeye akamtaja Asimwe kwa jina, apone, ainuke, arudi nyumbani kwake. Nikaitikia amina. Niseme kweli, tangu mama afe hakuna mtu aliyekuwa amemwombea Asimwe mbele yangu arudi nyumbani, na niliifunga ile amina kwa nguvu kuliko zote nilizowahi kuitikia.

Asubuhi alinishika mkono anipeleke wodini, nikashindwa kuendelea.

"Mama Jeni, mdogo wangu haumwi. Anaishi Ulaya. Nimesikia yuko Kayanga leo, ndiko ninakokwenda kumwona."

Akanitazama. Nilidhani atadai uji wake. "Tangu lini hamjaonana?"

"Tangu mama yetu akiwa bado na nguvu za kulima."

"Basi pole yangu iko palepale," akasema. "Siichukui."

Ndama na Kayanga

Pikipiki iliyonichukua Nyakahanga ilikatika mnyororo tukiwa tumeanza safari vizuri. Nilimwacha dereva akihangaika, nikatembea. Watu wa Ndama walikuwa wanarudi kutoka mashambani na majembe, na kila mtu huko anasalimia, huwezi kupita tu. "Shikamoo." "Marahaba, habari za nyumbani?" "Nzuri, za huko?" Nikawa najibu huku natembea kinyumenyume. Jua lilikuwa limeshapanda.

Maonyesho yalikuwa ndani ya ghala la zamani la kahawa. Lilikuwa limepakwa chokaa nyeupe, lakini harufu ya kahawa haipakiki chokaa. Mlangoni alisimama kijana mtu mzima, mrefu, mwenye miwani, jina lake Denis, mtu wa Mwanza. Akaniambia nimebahatika, wanafunga muda si mrefu. Nikamuuliza Asimwe yuko wapi. Akasema, "Kazi zake ziko mwisho kule, mama," akageuka kuwajibu wageni wengine. Mimi nikaelewa kwamba Asimwe yuko mwisho kule.

Ningekwenda mbio, lakini macho hayana pazia. Mmeniuliza nilichokipenda, basi nitawaambia. Nilipenda taa zilizotengenezwa kwa vibuyu vya rubisi, pombe yetu ya ndizi, vimetobolewa matundu madogomadogo, na mwanga wake unaanguka chini vilevile jua linavyoanguka kibanjani saa za mchana. Nilipenda benchi lililoundwa kwa fremu za baiskeli za kubebea ndizi, na aliyeliunda hakuziondoa zile fito zilizofungwa kwa mipira. Ukiliangalia unaona wale wanaume wanavyosukuma kupanda mlima.

Nilichokipenda zaidi ya hivyo ni kitambaa. Kirefu, cheupe, kimening'inizwa toka juu hadi chini, na kimejaa madoa ya kahawia. Nikasogea. Utomvu wa ndizi! Ule ule ambao mama zetu walitupigia, ule unaoingia kwenye sare ya shule na hautoki hadi ufe nao. Mtu amechukua aibu yetu ya utotoni akaichora maua. Nilisimama pale nikicheka peke yangu, na kwa kucheka huko nikamtafuta Asimwe pembeni yangu, maana hayo ni mambo ya kucheka wawili. Gauni lake la kipaimara liliharibika hivyo hivyo, na mimi ndiye niliyemkabidhi ule mkungu abebe.

Kulikuwa na kitanda kisicho na miguu. Hicho sikukipenda.

Nikafika mwisho. Asimwe hakuwepo. Kulikuwa na kigoda kifupi, na juu yake kikapu kidogo chenye mfuniko, kimesukwa kwa nyuzi za mgomba zilizochanganywa na nyaya nyembamba za shaba. Macho yangu yalikuwa yanazunguka kumtafuta mtu, mkono ukaenda wenyewe. Ukafunua, ukakuta kahawa ndani, zile buni za kutafuna, zilizochemshwa na majani na kukaushwa. Sasa, jamani, mimi nimezaliwa Bugomora. Nimeingia nyumba ya watu, mbele yangu kuna kikapu cha kahawa. Nikachota kwa mkono wa kulia, nikatupia mdomoni, na aliyekuwa karibu nami nikampa yake kama inavyopasa. Aliyekuwa karibu nami alikuwa Denis, amekuja mbio.

"Mama! Mama, hiyo ni kazi!"

"Kazi gani?" nikauliza, natafuna.

"Ni sehemu ya maonyesho! Haiguswi na mtu!" Akabaki ameshika buni yake kiganjani kama kifaranga. "Imekaa hapa siku zote, watu wanaipiga picha, hakuna aliyeigusa." Akaninyooshea kidole kwenye kibao ukutani. "Soma hapa. Inaitwa 'Kakaribu'. Mbunifu anazungumzia umbali. Yaani karibu, lakini karibu kidogo, hujafika."

Niliacha kutafuna.

Mama yetu alijifunza Kiswahili akiwa mtu mzima, sokoni na kliniki, na alikivalisha Kinyambo, lugha yetu. Kila kitu kidogo alikitangulizia "ka". Mtoto mdogo alikuwa kamtoto, kikombe kidogo kakikombe. Na kile kikapu chake cha kahawa, ambacho hakukifunua hata siku moja bila kumwambia mgeni karibu, alikiita kakaribu. "Asimwe, lete kakaribu, mgeni amefika." Mimi na Asimwe tulikuwa tunamcheka hadi tunaanguka. Hakuna mtu mwingine aliyekiita hivyo. Tangu tumzike sikuwa nimelisikia neno hilo, na nilidhani limekwenda naye. Sasa limeandikwa ukutani, kwa herufi kubwa, na mtu wa Mwanza ananieleza maana yake.

Nilikaa chini, pale pale sakafuni, nikalia. Denis akaogopa, akapiga simu kwa Asimwe, akaiweka sauti isikike kwa wote.

"Dada Asimwe, kuna tatizo dogo. Kuna mama amekula kazi yako."

"Amekula kikapu?"

"Kahawa. Na mimi amenipa."

"Umeifanyaje?"

"Nimeishika tu."

"Itafune, Denis." Kisha sauti ikashuka. "Huyo mama ana mwanya?"

"Samahani?"

"Kwenye meno ya mbele. Ana mwanya?"

Denis akainama kunitazama mdomoni. Nikamnyang'anya simu.

"Uko wapi?" nikasema. "Nimezunguka ghala zima."

"Dada," akasema. "Niko huku."

"Huku wapi?"

"Huku kwangu. Sikuja."

Watu walikuwa wamesimama, sikuwajali. Akaniambia alifungasha, na sanduku lilikuwa bado mlangoni, analiruka akienda kazini. Akasema, "Huku mama bado yupo, Dada. Nikiamka najua yuko kibanjani anapalilia, amevaa ile sweta yangu ya shule. Nikija Bugomora nitakuta hayupo."

Nilitaka kumhurumia, lakini hasira ilitangulia.

"Ni kweli hayupo. Mimi ndiye niliyemvalisha siku ya kumzika, na haikuwa sweta yako. Lakini mimi nipo, Asimwe. Tangu jana natembea kwenye tope kwa sababu mimi nipo. Wewe unamlilia aliyekufa. Mimi namlilia aliye hai, anayevaa viatu na kwenda kazini. Niambie mimi nikulilie hadi lini?"

Nilisikia anapumua. Nilidhani atakata simu, na mimi ningejilaumu hadi leo.

"Hodi," akasema.

Kwa sauti ndogo, ile ya mtoto aliyetumwa kwa jirani asiyemzoea.

"Karibu," nikasema.

"Hodi."

"Karibu, mdogo wangu. Karibu ndani."

Mnajua kwetu hodi ni tatu. Nikasubiri ya tatu, nimeibana simu sikioni hadi ikauma. Mtandao ukakatika. Denis alijaribu tena, akajaribu nje, akajaribu juu ya benchi la baiskeli. Haikupatikana.

Kurudi

Walianza kufungasha nikiwa bado pale. Kikapu kilizungushiwa pamba na kuwekwa kwenye sanduku, kiende Bukoba, kisha Mwanza, kisha kwa mwenyewe. Denis aliniomba nimweleze maana sahihi ya jina ili abadilishe kibao. Nilimweleza. Akaandika, akasoma, akakuna kichwa, akasema maelezo yake ya mwanzo nayo si mabaya. Nikamwambia ayaache yote mawili.

Njia ya kurudi ilikuwa imekauka. Hakuna lori lililozama, hakuna mnyororo uliokatika, gari lilikuja saa ile ile nilipofika kituoni, na nililichukia kwa wepesi wake. Ningependa liharibike, nikae jiweni mahali fulani, nisifike haraka kwenye nyumba ile na kufungua mlango mwenyewe.

Basi jibu ndilo hilo, wenzangu. Hatukuonana. Simu yake tangu siku ile inaita, haipokelewi. Huenda anafungua sanduku, huenda analifunga, sijui. Lakini mkipita kwangu mkanisikia naitika "Karibu!" na mlangoni hakuna mtu, msianze kuulizana kama Kemilembe amechanganyikiwa. Ile hodi ya tatu sikuisikia, na sitaki ije inikute nimenyamaza.